Mkopo wa Nyumba Ukikulemea: Ongea na Benki Kabla Dalali Hajapiga Hodi

Barua ilikaa nyuma ya kabati la vyombo wiki tatu nzima. Mama aliipata Jumamosi moja asubuhi, Machi 2021, akitafuta kifuniko cha sufuria. Ilikuwa imefunguliwa, ikasomwa, ikakunjwa vizuri, ikafichwa. Juu yake palikuwa na jina la Baba. Ndani, benki ilikuwa inasema kwamba mkopo wa nyumba yetu ya Kapsoya, hapa Eldoret, ulikuwa na malimbikizo, na kwamba Baba alikuwa na miezi mitatu ya kuyalipa.

Mama hakupiga kelele. Aliiweka barua mezani, akapika chai, akamngoja. Baba alipoingia na kuiona, alikaa chini bila hata kuvua kofia.

"Sikutaka mshtuke," akasema.

"Sasa si tumeshtuka pamoja," Mama akamjibu.

Kazi yangu hapa ni kuwaandikia nyinyi wateja wetu kuhusu pesa, na mara nyingi naandika mambo mepesi: jinsi ya kuweka akiba, jinsi ya kuangalia jina kabla ya kutuma. Leo nataka tuongee jambo zito kidogo. Ukiwa na mkopo wa nyumba na maji yamezidi unga, unafanya nini? Kuna njia, inaitwa kupanga upya mkopo. Wengi hawaijui, na wengine wanaijua lakini wanaona aibu kuiomba. Kwetu nyumbani aibu ilitugharimu miezi kumi na miwili, na ndiyo maana naiandika hii.

Jinsi tulivyofika hapo

Baba anauza sare za shule mjini. Shule zilipofungwa katikati ya Machi 2020 kwa sababu ya korona, biashara yake ilikauka kama bomba la maji la mwezi wa Januari. Nani ananunua sweta ya shule wakati hakuna shule? Wanafunzi wote walirudi darasani Januari 2021. Katikati hapo, karibu miezi kumi, Baba alilipa mkopo kwanza kwa akiba, kisha kwa kuuza shamba dogo la mahindi likiwa bado changa, kisha kwa mikopo ya simu. Alikopa hapa kulipa pale. Mwezi wa Novemba akashindwa kabisa.

Sasa sikiliza hili. Tarehe 18 Machi 2020, siku chache tu baada ya shule kufungwa, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza hatua za dharura. Mtu yeyote ambaye mkopo wake ulikuwa sawa kufikia tarehe 2 Machi 2020 angeweza kwenda benki yake kuomba nafuu. Wenye mikopo ya binafsi wangeweza kuongezewa muda hadi mwaka mmoja, na gharama za kupanga upya zilikuwa juu ya benki. Mpango ule ulipofikia mwisho, mikopo ya jumla ya shilingi trilioni 1.7 ilikuwa imepangwa upya. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mikopo yote iliyokuwa kwenye mabenki ya Kenya wakati huo.

Kwa hivyo watu waliokwenda kuomba hawakuwa wachache, wala hawakuwa maskini wa mwisho. Walikuwa wafanyabiashara wakubwa, wenye hoteli, wenye matatu, walimu wa shule za binafsi, na wanariadha wa huku kwetu ambao mbio zao za ng'ambo zilifutwa au kuahirishwa. Mkopo wa Baba ulikuwa safi kabisa tarehe 2 Machi 2020. Angekubaliwa. Lakini kuomba kulikuwa juu ya mkopaji mwenyewe, na Baba hakuomba. Aliona kwenda benki kusema "siwezi" ni kama kuvua nguo sokoni.

Mpango ulikwisha tarehe 2 Machi 2021, siku ya Jumanne. Mama aliipata barua Jumamosi ya wiki hiyo hiyo.

Kupanga upya mkopo ni nini hasa?

Mpango wa dharura uliisha, lakini kupanga upya mkopo hakukuisha. Kulikuwepo kabla ya korona na kupo hadi leo. Tofauti ni kwamba sasa benki inaamua kesi moja moja, na inaweza kukutoza ada.

Maana yake ni rahisi. Wewe na benki mnakaa chini na kubadilisha masharti ya mkopo ili uweze kuulipa kulingana na hali yako ya sasa. Deni halifutwi. Dawa ya deni ni kulipa, hilo halijabadilika. Kinachobadilika ni namna ya kulipa. Njia zinazotumika zaidi ni hizi:

Kuongezewa muda. Mkopo uliobaki miaka kumi unakuwa wa miaka kumi na tano, kwa hivyo malipo ya kila mwezi yanapungua.

Kulipa riba peke yake kwa muda. Kwa mfano miezi sita unalipa riba tu, deni la msingi linangoja.

Kupumzishwa. Miezi michache hulipi kitu. Lakini kumbuka riba inaendelea kuhesabika wakati wewe umelala.

Kuunganisha malimbikizo na deni. Miezi uliyokosa inaongezwa kwenye deni kubwa, unaanza upya ukiwa huna rekodi ya kuchelewa inayoendelea kukua.

Kubadilisha tarehe za kulipa. Hii wakulima wa Uasin Gishu waisikie. Kama pesa yako inakuja baada ya mavuno, mwisho wa mwaka, uliza kama malipo yanaweza kufuata msimu badala ya kila mwezi. Benki si lazima ikubali, lakini usipouliza hutajua.

Kupunguziwa riba. Si rahisi kupata, lakini kuna jambo la kuangalia. Mikopo mingi ya nyumba ina riba inayopanda na kushuka. Kiwango cha Benki Kuu kilipanda hadi asilimia 13 Februari 2024. Kuanzia Agosti mwaka huo kikaanza kushushwa, na kufikia Agosti 2025 kilikuwa asilimia 9.50. Riba yako ilipanda haraka wakati ule? Basi uliza, imeshuka kiasi gani tangu hapo?

Nani anakubaliwa?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanafikiri benki inataka kuona mtu analia. Benki inataka majibu ya maswali manne.

Swali la kwanza: ni nini kilitokea? Lazima kuwe na sababu unayoweza kuonyesha. Umeachishwa kazi, mshahara umekatwa au unachelewa, mwenzako amefariki, kuna ugonjwa, biashara imeanguka, mavuno yameharibika. "Mambo ni magumu" si sababu. Mambo ni magumu kwa kila mtu.

Swali la pili: je, hali hii itapita, au umeshapata njia nyingine? Benki ikiona kwamba hata ukipewa nafuu bado hutaweza kulipa, haina haja ya kuahirisha mnada. Kwa hivyo onyesha pesa inayoingia sasa, hata kama ni kidogo.

Swali la tatu: ulikuwa unalipa vipi zamani? Mtu aliyelipa miaka mitano bila kukosa ana sauti kuliko aliyeanza kuchelewa mwezi wa pili.

Swali la nne: unadaiwa na nani mwingine? Usifiche. Benki itaangalia CRB, na mikopo yako yote ya simu itaonekana hapo. Ukisema una deni moja na wao wakaona saba, mazungumzo yameisha kabla ya kuanza. Una haki ya kupata ripoti yako ya CRB bure mara moja kwa mwaka, kwa hivyo isome wewe kwanza kabla hawajaisoma wao.

Kama umeajiriwa, kuna hesabu nyingine. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote kwenye mshahara yasizidi theluthi mbili, yaani angalau theluthi moja ibaki mkononi mwako. Siku hizi kuna ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 na bima ya afya ya asilimia 2.75, na watu wengi wamejikuta wamesukumwa hadi kwenye mpaka huo bila kukopa shilingi moja zaidi. Beba hati yako ya mshahara ya kabla ya makato hayo na ya sasa, uziweke pamoja. Tena, kama unaishi kwenye nyumba uliyoikopea, angalia kama mwajiri wako anakupa nafuu ya kodi kwa riba unayolipa. Tangu mwisho wa Desemba 2024, riba ya hadi shilingi 360,000 kwa mwaka inaweza kutolewa kwenye mapato kabla ya kodi kuhesabiwa. Kuna watu wamelipa mkopo miaka na hawajawahi kuidai.

Karatasi za kubeba, na simu yako ni mojawapo

Jumatatu ile Baba alikwenda benki peke yake. Alirudi baada ya saa moja. Alikuwa amemwambia afisa wa mikopo kwamba biashara ilikuwa mbaya, afisa akamuuliza, "Mzee, mbaya kiasi gani?" Baba hakuwa na jibu. Pesa ya duka na pesa ya nyumba zilikuwa zinapita kwenye mfuko mmoja. Afisa akamwambia arudi na ushahidi.

Mimi nilikuwa nyumbani, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, masomo yakiwa ya mtandaoni. Nikamwomba simu yake. Wateja wake wengi walikuwa wanalipa kwa Till, kwa hivyo tulitoa taarifa ya miamala ya miezi kumi na minne. Tulikaa mezani usiku kucha na kalamu tukijumlisha mwezi kwa mwezi. Januari 2020 duka liliingiza zaidi ya laki mbili. Kuanzia Aprili hadi Septemba, hakuna mwezi uliofika elfu kumi na tano. Januari 2021, shule zilipofunguliwa, laki moja na sitini.

Karatasi moja ikawa imejibu maswali mawili. Biashara ilianguka lini na kwa nini, na sasa inainuka. Baba aliitazama ile jumla akasema polepole, "Kumbe si mimi nilikuwa mzembe." Nafikiri huo mwaka wote alikuwa ameamini kwamba ni uzembe wake.

Wiki iliyofuata walikwenda wawili, yeye na Mama, na faili. Nawe ukienda, beba hivi:

Barua ya ukurasa mmoja. Eleza kilichotokea, tarehe kilipotokea, unaomba nini hasa, na unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi. Taja kiasi. "Naomba kusaidiwa" haina hesabu ndani yake.

Taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita hadi kumi na miwili, ya Till na ya laini yako. Kwenye programu yetu ingia sehemu ya taarifa, chagua tarehe, na itatumwa kwa barua pepe.

Taarifa za benki, na hati za mshahara za miezi mitatu kama umeajiriwa.

Ushahidi wa tatizo lenyewe: barua ya kuachishwa kazi, karatasi za hospitali, cheti cha kifo, picha na hesabu za shamba.

Orodha ya madeni yote, pamoja na ya simu, Sacco na chama.

Bajeti ya nyumbani ya mwezi mmoja. Andika ukweli. Ukiandika kwamba familia ya watu watano inakula kwa elfu tatu kwa mwezi, hakuna atakayekuamini.

Na barua ukiipeleka, omba nakala yako ipigwe muhuri wa "imepokelewa" na tarehe. Ukiongea nao kwa simu, andika baadaye barua pepe fupi: leo tumeongea hivi na hivi. Siku ya shida, karatasi ndiyo inayokumbuka.

Nafuu ya leo ina bei yake

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanafurahia mapema. Tuseme deni lako pamoja na malimbikizo ni shilingi milioni 2.4, riba ni asilimia 13 kwa mwaka, na imebaki miaka kumi.

Ukilipa kwa miaka kumi, kila mwezi ni kama shilingi 35,830. Jumla utakuwa umelipa karibu milioni 4.3.

Ukiongezewa muda hadi miaka kumi na tano, kila mwezi ni kama shilingi 30,370. Jumla utakuwa umelipa karibu milioni 5.47.

Umeona? Umepata pumzi ya shilingi 5,460 kila mwezi, lakini mwishoni umelipa zaidi ya milioni 1.1 ya ziada. Hiyo haimaanishi ukatae. Kama uamuzi ni kati ya hiyo na mnada, ichukue. Lakini ichukue ukijua, na uulize swali hili kabla ya kusaini: mambo yakitengemaa, naweza kulipa zaidi ya kiwango bila kutozwa faini? Jibu waliandike.

Uliza pia kuhusu gharama ndogo ndogo. Kuna ada ya kupanga upya, huenda kuna ya wakili wa benki kama hati za rehani zinabadilishwa, na bima ya mkopo nayo inaweza kuongezeka. Usikubali kusikia "itakuwa kidogo tu". Kidogo ni shilingi ngapi?

Ukinyamaza, sheria inaenda hivi

Watu wengi huku wanafikiri ukikosa mwezi mmoja, kesho yake dalali yuko langoni. Wengine wanafikiri benki haiwezi kufanya lolote kwa sababu nyumba ni ya familia. Wote wamekosea. Sheria ya Ardhi ya 2012 imeweka hatua.

Kwanza, ukikosa kulipa na mwezi mzima ukapita, benki inaweza kukuandikia notisi. Notisi hiyo lazima iseme unadaiwa kiasi gani, na ikupe muda usiopungua miezi mitatu. Hiyo ndiyo barua iliyokuwa nyuma ya kabati letu.

Miezi mitatu ikiisha bila malipo, benki inaweza kutoa notisi ya pili, ya kuuza, ambayo ni siku zisizopungua 40. Kama mume au mke alitoa idhini nyumba iwekwe rehani, naye apewe notisi hiyo. Baada ya hapo dalali aliyepewa kazi naye anatoa notisi yake ya siku zisizopungua 45 kabla ya mnada.

Ukijumlisha, ni zaidi ya miezi mitano kutoka barua ya kwanza. Si muda mrefu wa kulala, lakini ni muda wa kutosha kwa mtu aliyeanza kuongea mapema. Na hadi nyumba inapouzwa, bado una haki ya kulipa deni na kuikomboa.

Mambo mengine matatu ambayo ni haki yako:

Nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani kihalali bila idhini ya mume au mke. Kama mwenzako aliweka nyumba rehani na wewe hukuwahi kusaini popote, muone wakili haraka.

Kabla ya kuuza, lazima mthamini aipime thamani ya nyumba, na benki ina wajibu wa kutafuta bei nzuri inayoweza kupatikana. Ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inaanza kwa kudhani kwamba wajibu huo ulivunjwa, na unaweza kwenda mahakamani.

Riba ina mwisho. Tangu Mei 2007, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema kwamba mkopo ukishahesabiwa kuwa mbovu, riba inayoendelea kuongezwa haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwepo siku hiyo. Kama ulidaiwa msingi wa milioni moja mkopo ulipoharibika, riba haiwezi kupita milioni moja nyingine, hata ipite miaka ishirini. Gharama za kukusanya deni ndizo zinaongezwa juu.

Na kwa nini kwenda mapema ni muhimu hivi? Kwa sababu mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa, benki inautoa kwenye kundi la mikopo inayolipwa na kuuweka kwenye ile mibovu, na inalazimika kutenga pesa kwa ajili yake. Siku ya 20 unaongea na afisa wa tawi anayekujua. Siku ya 120 faili yako huenda iko Nairobi, kwa idara ya kukusanya madeni, na huko hakuna anayejua duka lako liko mtaa gani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ni ukuta wa nyumba yako mwenyewe.

Benki ikikataa

Ikikataa, omba sababu kwa maandishi. Wakati mwingine wamekataa kwa sababu ya karatasi moja tu iliyokosekana. Rekebisha, urudi. Ukiona hujatendewa haki, wasilisha malalamiko rasmi kwa benki yenyewe kwanza, kisha ukikosa jibu la kuridhisha, andikia Benki Kuu. Kama mkopo ni wa Sacco inayopokea akiba, msimamizi wao ni SASRA. Na kwa Sacco usisahau wadhamini wako. Waambie wewe mwenyewe kabla hawajakatwa pesa, undugu na urafiki utabaki.

Unaweza pia kuuliza mkopeshaji mwingine kama atauchukua mkopo wako kwa riba ya chini. Linganisha riba pamoja na gharama zote za kuhama.

Na kuna mlango wa mwisho ambao hakuna anayependa kuutaja. Kama hesabu zinakataa kila upande, omba ruhusa ya benki uiuze nyumba mwenyewe. Mnunuzi uliyemtafuta kwa utaratibu, awe wa Kapsoya, Kimumu au Annex, atalipa vizuri kuliko watu wanaokuja kwenye mnada wakijua umebanwa. Unalipa deni, kinachobaki ni chako, na unaanza upya ukiwa na kitu mkononi. Inauma, lakini ni afadhali kuondoka ukiwa umeshika funguo mwenyewe.

Chunga matapeli

Mtu akiwa na deni, taarifa zake husambaa. Utapigiwa simu na mtu anayejua jina lako na benki yako, akisema yuko idara ya mikopo, na kwamba mkopo wako umekubaliwa kupangwa upya, tuma tu elfu mbili mia tano ya kuharakisha faili. Kata simu. Nenda tawini au upige nambari rasmi ya benki.

Ada yoyote ya kweli inalipwa kwa akaunti ya benki au Paybill yake rasmi, haiendi kwa laini ya mtu. Kabla ya kubonyeza kutuma, soma jina linalotokea. Na PIN yako haihitajiki na mtu yeyote, awe wa benki au wa kwetu. Sisi hatutakuuliza kamwe.

Kitu kingine, usilipe mkopo wa nyumba kwa mikopo ya simu kama alivyofanya Baba. Mkopo wa miaka ukilipwa kwa mkopo wa siku thelathini, unahamisha moto kutoka jikoni kwenda chumbani.

Ukishakubaliwa

Jibu la benki lilikuja baada ya kama wiki tatu. Malimbikizo yaliunganishwa na deni, jumla ikafika milioni 2.4. Miezi sita ya kwanza wangelipa riba peke yake, shilingi 26,000 kwa mwezi. Baada ya hapo, miaka kumi na tano. Zile hesabu za hapo juu? Ni zetu. Kabla ya korona Baba alikuwa analipa kama 35,000.

Masharti yalikuwa makali: ukikosa tena, makubaliano yanavunjika na notisi zinaendelea. Kwa hivyo wakati wa kusaini soma tarehe ya kulipa, kiasi, na kinachotokea ukichelewa. Kisha jipange:

Weka ukumbusho wa siku tatu kabla ya tarehe, au panga malipo yajitume yenyewe kama mkopeshaji wako anaruhusu.

Tenganisha Till ya biashara na laini ya nyumbani. Kila jioni toa kiasi kidogo cha mkopo ukiweke kando. Shilingi 30,370 kwa mwezi ni kama elfu moja na kidogo kwa siku, na elfu moja inaonekana inawezekana.

Hifadhi kila ujumbe wa uthibitisho, na kila baada ya miezi mitatu omba taarifa ya mkopo ulinganishe. Makosa hutokea.

Nyumba ya Kapsoya bado ni yetu. Itakuwa yetu kabisa wakati mimi nina watoto, pengine, na Baba ana mvi zote. Kwa miaka miwili sasa amekuwa akiongeza kidogo juu ya kila malipo ya mwezi wa Januari, msimu wa sare, ili kuikata ile miaka. Eldoret imekuwa jiji tangu Agosti 2024, na duka lake limekuwa na kelele ya watoto wanaojaribu makoti makubwa kuliko wao. Barua za benki siku hizi zinawekwa juu ya friji, mahali kila mtu anaziona.

Kama una barua yako mahali fulani, itoe leo. Ingia kwenye programu, toa taarifa yako ya miezi kumi na miwili, kaa chini na mwenzako mjumlishe mwezi kwa mwezi. Kesho asubuhi nendeni tawini. Mkikwama kwenye kutoa taarifa, tuandikie kupitia sehemu ya msaada, tutakuelekeza hatua kwa hatua.